Gramu za Gorogoro Moja

Homa Bay,
4 Machi 1996

Makomredi wa vichanja vya omena, nawe Shangazi Filister utakayewasomea,

Salamu za mapambano! Hamjambo nyote? Kifua cha Nyamoita kimepoa? Sisi huku tu wazima. Tangu chuo kifungwe kwa sababu ya mgomo wetu, mimi ni mwanafunzi asiye na darasa. Lakini kalamu yangu haijafungwa na mtu.

Sikilizeni! Makala niliyoandika kutokana na kazi yetu ya Desemba yamejibiwa na jarida la Nairobi, na hayajakataliwa! Ni lini wasomi wale waliwahi kumuuliza jambo mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa ziwa hili? Tumewaonyesha kwamba karai moja la omena mbichi, hawa dagaa wetu wa ziwani, likianikwa mchangani, hutoa gorogoro nne kavu. Likianikwa kwenye nyavu juu ya kichanja, sita. Wamebakiza swali moja tu: mkebe huo wa gorogoro hubeba gramu ngapi? Pimeni, mniandikie kabla Aprili haijaisha.

Binti wa kaka yako,
Damaris

Muhuru Bay,
2 Aprili 1996

Mpendwa Damaris,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili. Baba yako hajambo? Mwambie mvua imeanza na omena hazikauki.

Nimekawia kwa sababu barua yako sikuwasomea wenzangu. Niliificha chini ya godoro. Nisamehe, mwanangu. Wewe ulitazama omena, hukutazama mkebe. Mimi nina gorogoro mbili: ya kununulia mashuani, ambayo ni nzima, na ya kuuzia, ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani ili ibebe kidogo. Siku ile Nyamoita alipima zake za mchangani kwa gorogoro nzima. Mimi, kwa mazoea ya mkono tu, za kichanjani nilizipima kwa ile ya kuuzia. Ndiyo maana zikafika sita. Na katika nakala ya makala uliyonitumia, ukurasa wa tatu, umewaita kupe wenye mikebe ya namna hiyo! Nilicheka, kisha nikashindwa kula.

Andika gramu zozote. Nani huko Nairobi anajua kitako cha mkebe wangu?

Shangazi yako,
Filister

Homa Bay,
9 Aprili 1996

Shangazi mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Baba hajambo, anakusalimu.

Barua yako niliisoma mara tatu, nimesimama. Kisha nikakutana na mhadhiri wangu, Dakta Momanyi, sokoni Rodi Kopany. Naye akaniambia yale yale: "Damaris, andika kilo moja uendelee na maisha. Makala ya kwanza ni mlango. Ingia kwanza." Nakiri kwamba kwa siku mbili nilikubaliana naye. Niliandika gramu elfu moja, nikafunga bahasha.

Lakini mama mmoja akiuza mbuzi wake wa pekee ili anunue miti na nyavu, akizitarajia gorogoro mbili za ziada, kisha asizione, atamlaumu nani? Sisi! Tuligoma dhidi ya wakubwa wanaotangaza takwimu za uongo. Leo nitangaze zangu?

Bahasha nimeichana. Nimemwandikia mhariri asichapishe, kwa kuwa hesabu zile ni batili. Huenda asinijibu tena. Hata hivyo nakuomba: anikeni upya, mpime kwa mizani, mbele ya wote. Najua ninachokuomba, Shangazi. Wenzako watajua. Neno "kupe" nimelifuta, wala si kwa huruma. Sikuwahi kumuuliza muuzaji hata mmoja kwa nini anagonga mkebe.

Binti wa kaka yako,
Damaris

Muhuru Bay,
30 Aprili 1996

Komredi wangu mdogo,

Habari za hapa ni nzuri. Mmeshapanda mahindi?

Niliwasomea barua zako zote, nikawaeleza na niliyokuandikia mimi, Jumapili baada ya kanisa. Halafu Nyamoita akasema, "Filister, hicho kitako tunakijua tangu mwaka wa tisini. Tulidhani msomi wako naye anakijua!" Wakacheka mpaka machozi. Nikawaambia, haya, leteni na yenu. Ikaletwa mikebe kumi na mmoja. Mizima ilikuwa mitatu.

Suleman mwenye duka kule Suna alikuja na mizani yake, akakataza mtu yeyote asiiguse. Tumepima mara tano, kilo kumi mbichi kila upande. Kwa wastani mchangani tulipata kilo mbili na nusu, baada ya kupepeta mchanga. Kichanjani kilo tatu. Siku moja mvua ilituharibia, nayo nimeiandika. Ni nusu kilo tu, mwanangu. Nasikitika ni kidogo.

Shangazi yako,
Filister

Homa Bay,
12 Agosti 1996

Makomredi, mama zangu wa Muhuru Bay,

Hamjambo? Watoto wazima? Mimi leo siwezi hata kuketi.

Imechapishwa! Si makala ya kurasa ishirini niliyoyaota. Ni taarifa fupi ya kurasa mbili. Hotuba zangu zote mhariri amezikata, nami nimenung'unika wiki nzima. Lakini aliniandikia hivi: "Ni mara chache mwandishi hutuambia amekosea kabla hatujamgundua." Jedwali la vipimo vyenu vipya nililomtumia amelichapisha lote, pamoja na siku ya mvua. Nusu kilo katika kila kilo kumi! Nani anathubutu kuiita kidogo, mbele ya mwanamke anayeanika kila siku ya mwaka?

Chini ya kichwa kuna majina matatu: langu, la Shangazi Filister na la Nyamoita. Nyamoita asianze kudai aitwe Dakta.

Chuo kinafunguliwa Septemba. Kabla sijaondoka nitakuja na nakala, niwatafsirie mstari kwa mstari, kwani kazi ni yenu. Dakta Momanyi ameomba kuhudhuria. Nimemwambia atakaa nyuma. Atakayeona kosa, lolote lile, ndiye atakayesema kwanza. Jumamosi, tarehe 24 Agosti, saa nane mchana, hapo vichanjani.

Binti yenu,
Damaris