Gauni la Bluu Ulilotaka Kuzikwa Nalo

Kwako Akinyi, dada yangu,

Nimekasirika, na safari hii hupo wa kuniambia nitulie. Tangu tukuzike kwa wakwe zako napiga cherehani kama mtu anayegombana nayo, mpaka wateja wangu hapa Shauri Moyo wananiuliza kama niko sawa. Siko sawa.

Unakumbuka ulivyotoka hospitali, baada ya kukatwa titi la kushoto? Ulikuja kibandani kwangu umekumbatia mkoba kifuani, na hukuuweka chini hata ulipokuwa ukinywa chai. Nikasema nitakutengenezea kijazio cha sponji, kama zile tunazoweka mabegani. Ukanikatiza. "Usinishonee nguo ya yule wa zamani. Nishonee ya huyu mwenye ako hapa."

Tukaenda Gikomba, tukapekua mitumba mpaka ukapata pazia la bluu iliyokoza, zito, la kuanguka vizuri. Shingo niliianzisha bega la kulia, nikaishusha kwa mshazari, halafu nikakunja marinda membamba yapite upande wa kushoto, ulale bapa kama ulivyokuwa. Hatukujaza kitu. Ulipolivaa ukajitazama kwenye kioo changu chenye ufa, ukageuka huku, ukageuka kule, ukasema, "Haya, huyu sasa namjua." Ukatembea mpaka kwa mama mboga na kurudi, mikono ikining'inia tu, na jioni ukaenda nyumbani ukausahau mkoba kwangu. Sijawahi kushona kitu nikakipenda vile.

Ugonjwa uliporudi ulisema utazikwa nalo. Nilikusihi useme hivyo mbele ya mumeo na mama mkwe wako, kwa sababu wakwe ndio wanaokuvalisha, na neno langu kwao si neno. Ukacheka. "Kwani watanivalisha gunia?" Hapo ndipo ninapokukasirikia hata wewe. Uliwaamini mno.

Walibeba picha yako ya harusi wakaenda nayo dukani. Wakanunua gauni jeupe, mabega yamevimba, shingo imejaa vishada, nguo ya msichana uliyekuwa kabla ya kuzaa. Asubuhi ya kukutoa mochari niliwapelekea la bluu. Mama mkwe wako hata hakulikunjua. Alinitia pamba mkononi. "Wewe si ni fundi? Weka hiyo hapo kifua ikae sawa. Hatuwezi peleka mtu nyumbani akiwa nusu."

Nusu. Wewe, uliyewatilia wote pale chakula sahanini miaka yote hiyo. Nilimrudishia pamba yake. Shemeji alikuwa amesimama hapohapo, anatazama viatu vyake, na yeye ndiye aliyekuwa akikufungia vifungo vya mgongoni vya lile la bluu kila Jumapili. Basi wakakujaza wenyewe, bila kipimo, upande mmoja ukapanda kuliko mwingine, na akina mama wa kanisa wakasema umependeza.

Kisha wakamwinua binti yako Atieno akuage. Alikutazama muda mrefu. "Huyu si mama," akasema. Wakamshusha haraka, wakasema ni huzuni, mtoto mdogo hajui anachosema. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba ni yeye peke yake aliyejua.

Nguo zako zilipogawanywa, hilo la bluu nililikatalia. Liko hapa, nimelitundika nyuma ya mlango. Wanawake wawili wameniuliza bei yake na wote nimewafokea bure, nao hawakuwa na kosa. Hasira hii haichagui mtu, dada, na sioni dalili kwamba itaisha.

Shemeji humleta Atieno kwangu Jumamosi. Huingia nyuma ya mlango akasimama pale na lile gauni, na mimi humwacha. Wiki hii alitoka akiwa bado ameshika pindo lake, akaniuliza kama siku ile tulizika mtu mwingine.

Najua mtu mzima anatakiwa kumjibu nini mtoto hapo. Nilimwambia ndiyo.

Lala salama, Akinyi, kama wamekuacha mahali pa kulala ndani ya ile pamba.

Mdogo wako, aliyekupima mwenyewe.