Njia ya Boma la Zamani

Mjukuu wangu Yohana,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mahindi ya hapa Gitting yamestawi, ila nyumba ni kimya tangu babu yako atutoke.

Unaniuliza kama mwalimu wenu anasema kweli, kwamba viungo kati ya seli za ubongo huimarika tukivitumia na hufifia tukiviacha. Unaogopa kukisahau Kiiraqw, lugha yetu, huko Mtwara unakosoma.

Wakati wa Ujamaa, nikiwa msichana wa shule, tulihamia kijiji kipya. Kila jioni nikitoka kuchunga, miguu ilinipeleka kwenye boma letu la zamani, lililokwisha kubomolewa. Mama alinicheka: "Wewe binti, huko unakwenda kumsalimia nani, fisi?"

Miezi ikapita, na jioni moja nikafika nyumba mpya bila hata kuwaza. Nililia peke yangu, nikidhani boma letu limefutika kichwani.

Baada ya mvua nilirudi kule. Majani yalikuwa yamefunika njia, lakini nilipoanza kutembea, miguu ilikumbuka kila kona.

Jioni sina wa kuongea naye, mjukuu wangu. Ukipiga simu Jumapili, nisalimie kwa lugha yetu, hata ukikosea. Nitakucheka, kisha nitakujibu taratibu.

Bibi yako