Mlenda Uliopanga Foleni

Shoga yangu Swaumu, kabla hakujakucha nilisikia mfuniko wa sufuria ukigonga jikoni, nikasema ni paka. Kumbe ni mume wangu, mzee Mazengo, na ule mlenda uliotuletea jana.

Na ameambiwa asile kitu tangu usiku. Leo ndiyo siku ya kupimwa tumbo kwa ule mpira wa kumeza wenye kamera. Unajua alivyokonda, na anavyouogopa ugonjwa uliomuua baba yake.

Hospitalini, mpira umeingia, daktari katazama, kautoa. "Babu, umekula nini?"

"Sijala. Nimemeza mlenda tu."

Nimemeza mlenda tu, shoga yangu. Nilitazama dari.

Eti mlenda hautafunwi, unateleza, asubuhi hii ungekuwa umeshapita. Nesi hakumcheka. Kamchorea kwenye karatasi: "Babu, kuteleza kunaishia kooni. Likifika tumboni, kila tonge linasimama, linasagwa saa kadhaa, ndipo linashuka kwenye utumbo mwembamba."

"Hata mlenda?"

"Hata mlenda unapanga foleni."

Halafu mzee kauliza kwa sauti ndogo, "Na kingine mmeona nini?"

"Mlenda umefunika kila kitu, babu. Rudi Alhamisi na tumbo tupu."

Nesi yule katushika mkono mpaka getini.

Njiani ndipo mzee kaniambia alikula kwa sababu alidhani ni mlenda wake wa mwisho. Nimemwita mlafi mkubwa, kisha nimemfunga vizuri vifungo vya koti.

Sasa amelala, anasema nikuandikie: Alhamisi jioni, akishapimwa, uje tena. Na sufuria ijae.