Chumba Hiki Hiki, Tena Desemba

Jumamosi, mchana. Ziwa Nyasa, tunarudi Kyela. Joto, na hasira kidogo.

Simu haina mtandao, kwa hiyo haya nitayaweka kwenye blogu nikifika nyumbani Soweto, Mbeya, kama bado nitakuwa na ujasiri. Sasa hivi nimekaa kwenye kitanda cha chuma ndani ya chumba cha meli, nimevua viatu, nasikiliza injini. Familia ya mume wangu, karibu yote, iko juu inapunga upepo. Mimi niko humu tangu tulipoondoka Kyela juzi usiku.

Sijafungiwa. Mlango hauna hata kufuli.

Kinachonizuia ni kiti kimoja cha plastiki. Kiti hicho kiko mwisho wa korido, chini kabisa ya ngazi ya kwendea juu, na aliyekikalia ni baba mkwe wangu. Ni Mnyakyusa wa kizamani, na kwa mila yao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawapishani mlangoni, hawakai chumba kimoja. Si ugomvi, ni heshima, naye ananikwepa mimi kama ninavyomkwepa yeye. Mjini wengi wameshaachana na mambo hayo. Mzee huyu hajaachana nayo, na hakuna mtoto wake hata mmoja anayethubutu kumgusia.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, kule Iringa. Kwetu baba anakula ugali pamoja na wake za kaka zangu, anawatania, asubuhi wanamwambia kamwene na yeye anaitikia. Mwaka nilioolewa, baba mkwe alipita Uyole, pale ninapouza mbegu za viazi. Kwa furaha nikatoka dukani, nikapiga magoti mbele za watu, nikamnyooshea mkono. "Kamwene, baba!" Mzee akageuka, akatimua, mguu mmoja ukazama mtaroni na kiatu kikabaki humo. Nami, mtoto niliyelelewa vizuri, nikakiokota nikamkimbilia nacho. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Wauza viazi wa Uyole wananikumbusha mpaka leo.

Tangu hapo nimejifunza. Akija kututembelea Soweto, siku nzima naimalizia jikoni. Lakini jikoni kuna mlango wa uani, kuna jirani wa kupiga naye soga, siku inakwisha. Huku melini ukishaingia ndani ndiyo umeingia. Namshukuru Mungu choo kimo humu humu.

Ipo ngazi nyingine, ya upande wa pili wa korido. Mlango wake umezibwa na mzigo wa wifi yangu Tusekile. Yeye ndiye aliyeipanga safari hii ya familia, na kwa kuwa ni mfanyabiashara, hasafiri mikono mitupu. Wakati wa kwenda yalikuwa magunia ya mchele. Kurudi ni magunia ya usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa hili, na harufu yake imeshahamia kwenye mto wangu.

Dirisha la humu ni la duara, dogo kama sahani, na kioo chake kimechakaa hadi kimekuwa cheupe. Kinanipa mwanga tu. Usiku mzee akienda kulala naweza kutoka, lakini usiku ziwa lote ni giza.

Binti yangu Atu, wa darasa la pili, ndiye anayeshuka kuniletea habari. Mama, milima imeingia majini. Mama, kuna mtumbwi na mtu amesimama ndani yake na haanguki. Ananiambia kwa upole, kama anavyoongea na mgonjwa, halafu anakimbilia juu tena.

Niseme ukweli. Mwaka huu sikutaka kitu kingine zaidi ya kuliona ziwa hili. Nimezaliwa kwenye mahindi na alizeti, maji mengi nimeyaona kwenye simu tu. Nilinunua kofia.

Sasa sikia ya leo asubuhi. Wametangaza kwenye spika kwamba anayetaka safari ya Desemba ajiandikishe kabla hajashuka, achague na chumba kabisa, maana Desemba watu hujaa. Haikupita muda Tusekile akaingia na chai na uso wa sikukuu.

"Wifi! Nimeshatuandikisha wote, Desemba twende tena. Na wewe nimekuwekea chumba hiki hiki, umeshakizoea."

Nikasema asante.

Sijui ni kwa nini nilisema asante. Sijamaliza kifungo cha kwanza, nimeandikiwa cha pili, na nimeshukuru! Tusekile hana ubaya wowote, ndiyo maana siwezi hata kumkasirikia vizuri. Ananiletea wali wa moto, ananiletea samaki, anaulizia kama nahitaji shuka la pili. Mfungwa gani analishwa hivyo?

Baadaye akashuka mume wangu, Ambakisye. Nikamwambia wazi kwamba Desemba siendi, na yeye ndiye atakayewaambia. Akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kuizungusha kofia yangu mikononi.

"Nitamwambiaje mzee, mama Atu? Kwamba mkwewe hataki kusafiri naye? Si ataona umemchukia?"

Akasema kwamba tangu mzee astaafu, ombi lake lilikuwa moja tu, watoto na wajukuu wote wapande meli pamoja kwenye ziwa la kwao. Nikamuuliza, kama analipenda hivyo, mbona hakai juu akalitazama? Akasema wamembembeleza mpaka wamechoka. Kila wakimwambia apande, anajibu kwamba pale chini panamtosha.

Nimewaza vibaya baada ya hapo. Nimewaza kwamba mzee amekaa pale makusudi, ananilinda nisitoke. Nimewaza kwamba bado ananidai kile kiatu.

Jumamosi hiyo hiyo, alasiri. Upepo, na siandikii tena kitandani.

Acha nieleze kilichotokea.

Karani wa meli alishuka kuhakiki majina ya Desemba. Korido ni nyembamba na injini inanguruma, kwa hiyo kila mtu hupaza sauti, na mimi nikawa nasikia kila neno. Nikamsikia mzee akimwuliza Tusekile:

"Na mama yake Atu? Amelifaidi ziwa huko juu?"

"Hapana, baba. Yuko chumbani."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tuondoke, baba."

"Kwa nini? Mimi si nimemwachia juu? Nimekaa huku kwenye joto natazama ukuta ili yeye awe huru!"

"Lakini baba, hapo ulipokaa ndipo njia yake."

"Ngazi ya kule si ipo?"

Kisha nikamsikia Tusekile, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo kabisa.

"Kule kuna mzigo wangu, baba."

Mzee hakumfokea. Alimgeukia karani. "Wewe, kijana, jina langu futa. Desemba mimi nabaki nyumbani. Ziwa hili nimezaliwa nalo. Huyu ametoka Iringa kuja kukaa gizani?"

Nilikaa pale kitandani nikalia. Hasira yangu yote niliyoitunza tangu juzi ikakosa pa kwenda. Yule mzee naye hajaliona ziwa. Alilipia safari ya ziwa lake akakaa akitazama ukuta kwa ajili yangu, nami upande wa pili wa ukuta huo huo nikawa namchukia.

Nikajikuta nimefika mlangoni. Sikuufungua. Nikasema kwa nguvu, nikijua vizuri kabisa nani atanisikia:

"Wifi! Mwambie karani asifute!"

Tangu ile kamwene ya Uyole, hilo ndilo neno langu la kwanza kufika masikioni mwake. Nikasikia kiti kinaburutwa.

"Tusekile," mzee akasema, "mwambie apite. Mimi nimejifunika."

Nikatandaza kitenge kichwani, nikafungua. Mwisho wa korido nikamwona, ameugeukia ukuta, koti lake jeusi amejitandia kichwa kizima, mikono juu ya magoti, hatikisiki. Tusekile na karani walikuwa wamejibana ukutani. Nikapita. Korido ni nyembamba kiasi kwamba kitenge changu kiligusa koti lake. Nilipofika juu ndipo nilipogundua kwamba sina viatu.

Milima imeingia majini kweli. Atu hakudanganya hata kidogo. Imesimama mikubwa, ya kijani, inashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji, na maji hayana mwisho upande wa pili. Nimeshika chuma cha pembeni, upepo umenipulizia kitenge mpaka shingoni, na nimecheka peke yangu mpaka watu wamegeuka.

Nilijua kwamba nilipaswa kutuma ujumbe mara moja kuwa nimeshapita, mzee ajifunue. Kule chini ni joto na koti lile ni la sufu. Nilijua, na sikutuma. Nikasema niangalie kidogo tu. Nikaangalia hadi tukaupita mlima mmoja wenye mteremko mweupe, na mwingine baada yake. Ndivyo nilivyo, nimejijua leo.

Halafu nikamtuma Atu. Mwambie babu mama ameshapita, ajifunue, na mwambie mama anasema ndaga. Ni neno la shukrani la kwao, nililijua siku zote na sikuwahi kuwa na wa kumpelekea.

Atu amerudi sasa hivi, anahema.

"Babu anasema ndaga na yeye. Anasema hajifunui, ili ukitaka kushuka ushuke, ukitaka kupanda upande. Anasema utazame tu, yeye hajachoka."

Kyela imeanza kuonekana. Desemba jina langu limo, na lake limo, halikufutwa. Chumba ni kile kile. Nilikuwa na sababu moja tu ya kuikataa safari hiyo, nayo iko chini ya ngazi, imejifunika koti.

Sasa nitaikataaje?