Mama Mwenye Pasi

Jumatatu, 3 Novemba

Simu ya baba yake Kasuku imenikuta nikisahihisha kazi za wanachuo. Tangu tuachane hana salamu ndefu. Kasema binti ameshaamua mwakani atasoma wapi na ataishi kwa nani, ila amemwomba amwachie anieleze mwenyewe. Yeye baba mtu anataka jibu langu Jumapili, aanze kutafuta shule kama inabidi. Nikamuuliza, ameamua nini? Akasema hilo si lake kulisema.

Nimebaki na kalamu hewani. Ameamua! Juzi juzi tu nilikuwa namfunga kamba za viatu.

Basi nimepanga: sitamuuliza. Ndivyo ninavyowaambia wazazi wanaokuja ofisini kwangu — mtoto asishurutishwe, apewe nafasi. Nimempa. Jioni nzima nafasi imejaa tele mezani. Amekula, ameosha sahani yake, ameaga, kaenda chumbani. Kasuku tulimwita kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo. Sasa jina limebaki, maneno yameisha.

Jumanne, 4 Novemba

Darasa la jioni. Hili somo la Filamu na Nafsi tunalifundisha wawili: mimi mshauri nasaha wa chuo, na mwenzangu mhariri wa filamu, ambaye wanachuo wanamwita Fremu. Mimi nauliza huyu mtu anaogopa nini, anaficha nini, utotoni alikosa nini. Yeye anauliza kamera iko wapi, mwanga unatoka upande gani, kipande kimekatwa wapi. Kila wiki tunabishana mbele ya darasa na wao wanafurahi kuliko kwenye filamu zenyewe.

Leo kaleta filamu fupi, haina neno hata moja. Mama anapiga pasi. Binti amesimama mlangoni, anatazama. Mama anakunja shati, anachukua jingine. Binti yupo tu. Mama hageuki. Mwishoni mlango uko wazi na binti hayupo.

Darasa lilimrukia yule mama. Hana moyo. Mkatili. Msichana wa mstari wa mbele alifuta machozi, akasema angekuwa yeye angeondoka zamani. Nami nikatia chumvi yangu — nikaeleza mzazi anayempa mtoto kisogo, na ubaridi unavyorithiwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Nikachora na mishale ubaoni. Niliongea vizuri sana, sitaficha.

Fremu akangoja nimalize. Halafu akasema kwa upole wake ule: hawa wawili hawajawahi kukutana. Mama alirekodiwa peke yake, chumbani hamkuwa na mtoto. Binti alirekodiwa wiki nyingine, jengo jingine, na alikuwa akimtazama mbwa. Filamu aliihariri yeye mwenyewe. "Mmemhukumu mama wa watu kwa mkasi wangu," akasema.

Mishale yangu bado iko ubaoni, imemzunguka mwanamke ambaye hakufanya lolote ila kunyoosha mashati. Nimeifuta bila kumtazama mtu. Njiani nimetambua kitu kimoja: nilimchukia kweli yule mama. Ile chuki niliitoa wapi?

Jumatano, 5 Novemba

Hajasema. Sijauliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefanya jambo.

Kazini, mtu akishindwa kusema yake, tunampa picha atunge hadithi. Akisema ya wengine anajisema mwenyewe. Nikawaza, kwa nini nisijaribu nyumbani? Nikamwambia Kasuku nahitaji maoni ya kijana kwa ajili ya darasa. Nikatengeneza bisi. Tukaketi kwenye kochi, kompyuta mapajani mwake. Yeye akatazama filamu, mimi nikamtazama yeye. Alimeza mate pale mama anapokunja shati.

Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya ofisini, binti anataka nini? Kusema kitu, akajibu. Na mama? Nilijua atasema hampendi, hamjali, na nilishajikaza.

"Mama anajua yupo," akasema. "Tangu mwanzo. Angalia, lile shati la mistari amelipiga pasi mara mbili."

Nikarudisha nyuma. Kweli! Shati lilelile, mkunjo uleule. Darasa zima na digrii zetu, hakuna aliyeliona.

"Halafu hageuki kwa sababu akigeuka ataambiwa," akaendelea. "Anaogopa. Si kwamba hampendi."

Ndipo palikuwa mahali pa kuuliza, mlango uko wazi kabisa. Unajua nilifanya nini? Nikasema, "Uchambuzi mzuri." Kisha nikaanza kumweleza mambo ya Fremu na mkasi, kwamba wale hawakuwahi kukutana, kwamba hisia zote tunazitia sisi watazamaji. Maneno yalinitoka kama maji.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, huyu mtoto.

"Kwa hiyo mama hana kosa," akasema.

"Hana. Ni mkasi."

"Sawa. Lakini humu ndani hakuna mkasi, mama."

Akachukua bakuli, akaenda kuliosha. Akiwa jikoni akauliza kama darasani walihitaji maoni yake kweli. Nilijitia hamnazo, nikasema maji yanapiga kelele, sisikii.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemkuta Fremu kwenye chumba cha uhariri, nikamwambia habari ya shati. Kashtuka hata kuliko mimi. Kumbe vipande vilimpungukia, akakirudia kimoja ili filamu isiwe fupi. Alikuwa anaziba pengo. Miaka yote anaionyesha na hakuna aliyemshika.

Akauliza aliyeliona ni nani. Nikasema binti yangu. Nikajikuta nimemweleza yote — simu, Jumapili, bisi.

"Ana kitu cha kukwambia," akasema, "na wewe ukamwonyesha filamu?"

Hakucheka. Afadhali angecheka. Nikaanza kumweleza kwamba kitaalamu mtoto asishurutishwe. Akanikatiza, jambo asilolifanya kamwe.

"Mama Kasuku, mimi nakata vipande tu, mambo ya nafsi ni yako. Lakini geuka."

Nimetoka pale masikio yanawaka. Mume mzima nimeachana naye bila kutoa chozi, na neno moja la mhariri limenikalisha kwenye ngazi za chuo. Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa akiniambia anaondoka nitasema "naelewa" kwa sauti ya ofisini, naye ataamini kwamba nimeelewa.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nageuka. Nimeamka na uamuzi huo.

Nimefua mapazia kwanza. Yalikuwa machafu, hilo halina ubishi. Kisha nikasafisha friji. Kisha nikapanga vitabu upya, vya saikolojia juu, vya filamu chini, nikavigeuza tena. Kasuku amepita mara kadhaa ukumbini. Kila akipita nashika kitambaa.

Saa kumi sasa. Nimekaa mezani niandike kidogo, nijipange nitaanzaje. Labda nianze na baba yake. Hapana, nianze na kumwomba radhi kwa ile filamu. Au nimwambie tu kaa hapa, mwanangu, sema, nitalia lakini wewe sema.

Mapazia yamekauka, jioni nitayatundika.

Nasikia kandambili zake. Zimesimama. Mgongo wangu umeelekea mlangoni na najua kabisa yuko wapi, kama anavyojua yeye kwamba najua. Kivuli chake kimefika kwenye kona ya meza.

"Mama," ameita. "Una nafasi?"

Nimemwambia namalizia sentensi.

Hajaondoka. Anapumua kama aliyepanda ngazi. Geuka, mwanamke. Sentensi yenyewe ni fupi, naimalizia tu.

Mapazia yamekauka, jioni nitayatundika.