Saidi na Mchanga wa Moto

Temeke, Jumapili, baada ya magharibi

Sasa hivi Saidi ameachia mguu wa kitanda, akavuka chumba mpaka kwa bibi yake, akacheka.

Ametimiza mwaka na nusu bila kutembea. Jirani yetu Mama Zuhura akawa anasema mwanangu atakuwa kiwete, na mie nalia kimyakimya.

Leo hatukuwa na hata senti ya karanga. Baba Saidi akasema, "Twendeni bustanini tukasikilize beni ya askari, jua halina kiingilio." Tukaenda kwa miguu.

Kufika, mama mkwe akachimba mchanga uliopata moto wa jua, akanambia nimfukie mtoto miguu mpaka magotini, ndiyo dawa ya wasiotembea. Nikamfukia, haya zimenijaa, watu wanapita. Bibi akamtania mjukuu wake, "Mume wangu, umeshaota mizizi?"

Mara ngoma kubwa ikalia. Saidi akajing'oa, akaifuata hatua tatu, akakaa kitako. Baba yake akacheza mbele za watu.

Kesho nitampeleka apite mwenyewe mlangoni kwa Mama Zuhura. Mie nitakuwa nyuma, najifanya natazama mawingu, na akiniuliza nitamwambia tu kwamba... Ngoja, mama mkwe ananiita, nitamalizia kuandika baadaye.