Nguzo Nne za Upande wa Bondeni

Kaka Masanja,

Shikamoo. Marahaba yako nitaidai siku tutakayoonana, maana simu zangu hupokei, na ujumbe niliompa shemeji akufikishie ulirudi na jibu moja tu: "Amesema amesikia." Kwa hiyo nimeamua kukuandikia barua ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilikusema mbele za watu, Geita, Kahama pale Nyasubi, na nyumbani Samuye. Si haki nije kukusafisha chumbani.

Nianze na kazi yenyewe, ili wasiotujua wajue tulikuwa nani. Tulikuwa maseremala wawili, watoto wa mama mmoja, kutoka Samuye ambako ardhi imelala na uzio wa nyumba ni minyaa inayojiotea. Wewe ulitangulia Geita, ukanivuta. Huko tukakuta nyumba za zamani zimejengwa kwenye miteremko ya vilima, na wenyewe wamezeeka nazo. Upande wa juu unaingia ndani kwa hatua moja. Upande wa chini mlango wa nyuma unafunguka hewani, na mtu akijisahau anashuka bila kupenda. Watoto wakishapata kazi wanataka wazee wao wajengewe pale nyuma baraza la mbao juu ya nguzo, lenye mahali pa kuegemea, halafu kiwanja kizungushiwe uzio. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mafundi wengi wakiuona mteremko walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Unakumbuka uzio wangu wa kwanza? Niliufuatisha na mteremko, mbao zote zikainamia bondeni. Ulikuja, ukazitazama kwa muda, ukaniuliza, "Hizi zinakwenda wapi?" Tukaufumua wote. Ukanionyesha namna ya kuushusha kama ngazi, kipande kwa kipande, kila kipande kimenyooka na kila kimoja chini kidogo ya mwenzake. Hukunigombeza. Ulisema tu kwamba tutakula tukimaliza, na tulimaliza saa kumi.

Kitu kilichotulisha kilikuwa mpira wa maji. Ni mpira mwembamba, unaona ndani, umejaa maji. Wewe unashika ncha moja kwenye nguzo ya juu, mimi nashika nyingine kwenye nguzo ya bondeni. Maji yakitulia, kwako na kwangu yapo usawa mmoja, hata kama tumesimama tofauti kiasi gani. Hapo kila nguzo inapigwa mstari wa penseli.

"Yametulia?"

"Bado yanacheza."

"Mwache acheze."

Ulikuwa unayaita maji kama mtu, na mimi nilikuwa nakucheka. Kazi hiyo inataka watu wawili. Tangu uondoke nimekuwa nikiifunga ncha moja kwenye nguzo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Inawezekana, ila unatembea sana.

Sasa nije kwa Mama Faustine, mkunga mstaafu, nyumba ile ya matofali ya kuchoma chini ya kilima. Nguzo nane za mkaratusi, nne karibu na nyumba na nne upande wa bondeni. Tulizipaka oili chafu kuzuia mchwa, tukazisimika, tukapima maji. Mistari yote ukaichora wewe, kwa penseli yako nene ya bluu, ukazungusha nguzo nzima kama unamvisha mtu mkanda. Mstari ulikuwa kwenye goti kwa nguzo za juu na kwenye kidevu kwa nguzo za chini. Kilichobaki kilikuwa changu. Nilipewa kijiti kimoja, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, nikiweke juu ya kila mstari na kukata nguzo pale kinapoishia.

Nilikata nne za juu. Nilipokuwa nashuka kwenda za bondeni kijiti kiliniponyoka, kikagonga jiwe, ncha ikameguka. Kama vidole viwili hivi. Niliona, kaka. Sitajitetea kwamba sikuona. Jua lilikuwa kali, Mama Faustine alikuwa amekwisha kusonga ugali, nikajiambia vidole viwili ni nini. Nikakata nne zilizobaki kwa kijiti kile kile, na nilipomaliza kula nilikuwa nimesahau. Huo ndio ukweli ninaouonea aibu zaidi: kwamba nilisahau kabisa, na kwa miaka yote hii sikuwa nadanganya. Nilikuwa najiamini.

Baraza likakamilika, Mama Faustine akaleta machungwa. Moja likaanguka kutoka kwenye sinia. Likabingirika taratibu kutoka mlangoni hadi ukingo wa bondeni, likagonga mbao ya chini, likasimama. Watu wote tulilitazama.

"Mafundi," alisema, "chungwa langu linataka kwenda wapi?"

Hapo nikasema maneno yangu. "Mama, utusamehe. Kaka macho yake siku hizi hayasomi maji vizuri." Ulikuwa umeanza kuvaa miwani mwaka ule, kwa hiyo ilisikika kama kweli. Nilikuwa mdogo wako, nimesimama mbele ya mteja, nikakusema hivyo bila hata kukuangalia usoni. Ulivua miwani, ukaifuta kwa shati, ukaivaa. Kisha ukainama, ukaokota kile kijiti kwenye maranda, ukakigeuza mkononi, ukakitia kwenye mfuko wa zana. Nilidhani unaokota kuni.

Hatukufanya tena kazi pamoja. Watu wa Nyasubi wakiniuliza uko wapi, nilijibu kwamba macho yamekusumbua, kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilikuharibia jina kuliko matusi. Ukahamia Maganzo kutengeneza fremu za machekeche kwa wachimbaji wa almasi, kazi isiyohitaji maji wala mstari. Nyumbani nilimwambia mama hivyo hivyo. Ulipokwenda Samuye kumrekebishia mlango wake unaokwaruza sakafu, alikuzuia. "Uache, ng'wanawane, mwanangu, utaupindisha. Mdogo wako atakuja." Nilisikia nikacheka. Mdogo wako hakwenda. Ni miaka tisa, na mlango bado unakwaruza.

Mwaka huu Mama Faustine amenipigia simu kwamba mchwa wameingia kwenye mbao za baraza. Nimekwenda, nimebandua sakafu, nikashuka chini kuangalia kama nguzo zinafaa. Zilikuwa nzima. Oili ilifanya kazi yake. Na mistari yako ya bluu ilikuwepo, yote minane, imefifia kidogo tu kwa sababu jua haliingii kule.

Nilitaka kuona kosa lako. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: nilitaka kuona ulikosea kiasi gani. Nikatoa mpira. Sikuwa na mtu wa kushika upande wa pili, Mama Faustine akasema yeye ameshika vitu vigumu kuliko huo, akafunga khanga kiunoni akashika.

"Maji yako wapi, mama?"

"Kwenye mstari."

Tukaenda nguzo ya pili. "Kwenye mstari." Ya tatu. Tulipofika ya nane alikuwa anajibu kabla sijauliza. Mistari yako yote ilikuwa sawa, kaka. Nikachukua futi, nikapima kutoka mstari hadi juu ya nguzo. Nne za karibu na nyumba zinalingana. Nne za bondeni zinalingana zenyewe kwa zenyewe, na zote ni fupi kwa vidole viwili.

Kumbukumbu ikarudi, nikakiona kijiti. Nikaliona jiwe. Nilikaa chini palepale kwenye udongo, na Mama Faustine akadhani nimeumwa.

Nilimweleza kilichotokea. Halafu akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kumwambia mtu. "Kaka yako alirudi kesho yake, peke yake. Alisimama pale kwenye uzio akaniomba azirefushe nguzo nne za chini, hataki malipo yoyote. Nikamkatalia. Ningemruhusuje na wewe umeshasema haoni?"

"Alisema nani alizikata?"

"Alisema ni fupi. Hakusema kazikata nani."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu ulipookota kijiti, na ungeweza kukiinua tu mbele ya mteja, mimi nikaishia hapo. Nimejiuliza kwa nini hukufanya hivyo, na sijapata jibu ninaloweza kuliandika bila kulia, kwa hiyo naliruka.

Nimeziongezea nguzo vipande, nimeweka sakafu mpya. Baraza limenyooka. Kwa miaka tisa Mama Faustine alikuwa anaweka vibao viwili chini ya miguu ya mbele ya kiti chake ili asielekee bondeni. Siku ya kwanza alisahau akaviweka, akajikuta amelala chali anatazama bati. Alicheka sana, kisha akauliza aseme baraza lake limejengwa na nani, watu wakimuuliza. Nikamwambia Masanja wa Samuye. Akasema, "Basi ndivyo nitakavyosema." Wabeja kwake, namshukuru.

Kisha nikaenda kwa mama. Nilimkuta uani anakata viazi vya michembe, vya kuanika juani. Nilimweleza yote, kijiti, jiwe, maneno yangu, wewe kurudi siku ya pili. Alikata viazi vyote vilivyokuwa kwenye beseni kabla ya kunijibu.

"Na mimi nilimzuia mlangoni kwangu," alisema.

"Ni mimi niliyekwambia, mayu."

"Ulisema wewe. Nilimzuia mimi."

Nilitaka kufanya kitu, chochote, nikasimama nikachukua randa niurekebishe ule mlango. Ni kazi ya nusu saa. Mama alikuja akaniondolea randa mkononi, akaiweka juu ya kabati, ambako yeye mwenyewe hafiki bila kupanda kigoda. Alipanda kigoda. Kisha akaniambia mlango ule una fundi wake, na kwamba kila asubuhi anapousukuma na kuusikia unakwaruza atakuwa anajua anamngoja nani.

Nakukumbuka sana, kaka. Najua huna deni la kunisikiliza, na shemeji kanieleza kwamba fremu zako za machekeche zinasifiwa Maganzo nzima kwa kunyooka. Sikuombi urudi Geita. Nakuomba uende Samuye ukautengeneze mlango wa mama, siku yoyote utakayochagua, uniambie nami nije. Mpira nitaubeba. Nitashika ncha ya chini kama zamani, na wewe ndiye utakayesoma.

Na kile kijiti, kama bado unacho, njoo nacho. Nataka mama akishike, na nataka niwe nimesimama pale anapokishika.

Mimi mdogo wako,
niliyekata nguzo